Embe, jibini na jiko lisilowashwa

Januari hapa Dar simwashii mtu jiko alasiri. Mgeni anafika shati limemganda mgongoni, na anachokitaka kwanza ni kitu cha baridi. Sambusa zitamsubiri hadi jua lipungue. Kwa hiyo msimu huu ninachotanguliza ni matunda na jibini, mengine yamechomwa kwenye vijiti, mengine yamepangwa kwenye sahani. Kazi yake ni kukata tu, ila ukikata mapema mno unaishia na sinia la maji.

Kwa watu wanane nunua feta (jibini nyeupe ya chumvi inayomeguka) gramu 200, jibini ngumu gramu 250, maembe mawili makubwa, robo ya tikiti maji, ndimu tatu na fungu la nanaa. Jibini ngumu ni cheddar au gouda. Hata zile zinazotoka Njombe, zinazotengenezwa kwa mtindo wa Kitaliano, zinafaa mradi uchague isiyovunjika ukiikata. Chizi ya vipande vilivyofungwa plastiki kimoja kimoja iache kwenye mkate. Inaganda kwenye meno na embe linaifunika kabisa. Na kabla hujalipa, soma maandishi ya pakiti. Jibini nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na kama kwenye wageni wako wamo Waislamu, swali la uhalali litaulizwa tu. Ziko zinazogandishwa kwa vimeng'enya visivyotokana na mnyama, na huandikwa hivyo.

Sasa embe. Usichukue lile la kula kwa kijiko, maana kwenye kijiti litateleza. Libonyeze karibu na kikonyo: likiitika kidogo huku tumbo lake bado limekaza, ndilo lenyewe. Mimi napenda dodo. Bolibo nalo zuri. Yale yenye kambakamba yana utamu wake, lakini hayo ni ya juisi. Hakuna mgeni anayetaka kuchokonoa meno kabla hajasalimiana na watu. Kata mashavu mawili pembeni mwa kokwa, menya, kisha katakata vipande vya kama sentimita mbili. Kamulia ndimu nusu, nyunyiza pilipili ya unga kwa ncha za vidole, kama wanavyofanya wauza embe mbichi barabarani. Chumvi usiweke, jibini inayo.

Jibini ikate kwa ukubwa uleule. Kwenye kijiti anza juu kushuka: embe, jani moja la nanaa lililokunjwa, mwisho jibini. Jibini ikae chini kwa sababu ndiyo yenye kitako bapa, inasimamisha kijiti. Ukigeuza, embe linateleza na vijiti vyote vinalala ubavu kabla sinia halijafika sebuleni.

Feta usijaribu kuichoma kijiti, inapasuka. Hiyo ni ya tikiti. Ikiwa kali kwa chumvi, iloweke kwenye maji baridi robo saa, halafu ikaushe kwa kitambaa safi. Tikiti likate, toa mbegu, liweke kwenye chujio juu ya bakuli dakika kumi. Hatua hii watu huiruka, ndipo feta inapogeuka uji mweupe. Likishachuja lipange kwenye sahani, megea feta juu, chana nanaa, saga pilipili manga papo hapo. Ukiwa na pesheni, pasua moja umwagie mbegu na maji yake juu. Ule ukali wake unazidi siki yoyote ya dukani. Na tafadhali, kibao cha kukatia kisiwe kile cha vitunguu. Hata ukikisugua, tikiti litanasa harufu.

Nanasi na papai nayatenga na jibini laini. Aliyewahi kupaka papai bichi kwenye nyama ngumu anajua linavyoifanya: lina kimeng'enya kinachovunja protini, na nanasi lina cha kwake. Jibini nayo ni protini. Ukiyaacha pamoja, ile laini inazidi kulegea na kuanza uchungu. Kwa hiyo nanasi, hata liwe tamu kama yale ya Kiwangwa, linakwenda na cheddar, na unalichoma kijiti wageni wakiwa wameshakaa. Paneer, jibini ya Kihindi inayouzwa kwenye maduka ya Kihindi ya Kisutu, kwa kuwa ni laini na haina chumvi, naipa pera lenye nyama ya waridi, lililokatwa vipande vyembamba, na korosho iliyopondwa juu. Wabrazili hula jibini na pera lililopikwa likawa kama jemu ngumu. Mimi Januari sipiki, nalitumia bichi.

Utasoma kwingi kwamba jibini itolewe kwenye friji nusu saa au zaidi kabla ya kuliwa. Ushauri huo ni wa nchi za baridi. Kwetu dakika kumi zinatosha. Zikizidi sana, cheddar inatoa jasho la mafuta na nanaa inalala. Matunda yaingie friji tangu asubuhi yakiwa mazima, yakatwe mwishoni. Toa nusu ya vijiti kwanza, nusu ibaki ndani. Kama unakaa barazani, weka sinia juu ya trei lenye barafu. Joto likivuka nyuzi 32, vyakula vya namna hii visikae nje zaidi ya saa moja, na kukiwa na ubaridi kidogo, saa mbili. Umeme ukikatika, usiongeze sinia jingine. Waambie wamalize lililopo, hawatakataa.

Yale maji ya tikiti yaliyochujika usiyamwage. Kamulia ndimu iliyobaki, tia barafu, mpe anayeosha vyombo.