Kabla Hujaichomeka Tena Eksteno Inayokufa

Eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia faili, ikianza kugonga, au ikichukua dakika nzima kuonyesha folda ambayo jana ilifunguka papo hapo, ichomoe. Usingoje uone kama itatulia. Eksteno nyingi za kawaida zina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Kikigusa sahani, kila dakika ya umeme inaweza kuwa ya kukwangua kumbukumbu zako. Ikiwa imezimwa mezani, ubaya hauzidi. Kwa hiyo muda wa kujiandaa unao, na matayarisho yote yafanyike ikiwa imelala.

Tafuta kwanza pa kuwekea. Kama mbovu ni ya TB 1, nunua nzima ya TB 2. Faili zilizookolewa zisirudishwe kwenye diski ileile, maana unachokiandika humo kinaweza kufunika hichohicho unachokitafuta. Piga na hesabu ya muda: kwa USB 2.0, diski isiyo na hitilafu inayosomeka MB 35 kwa sekunde huchukua karibu saa 8 kumaliza TB 1. Mbovu inaweza kuchukua siku kadhaa. Basi laptopu iwe na betri inayokaa na chaja, au kompyuta iwe kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Izuie isilale yenyewe. Na feni iwe karibu, kwa sababu diski inayohangaika hupata moto.

Waya nao uandae, mwingine, mfupi na mzima. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski isiyoshiba umeme nayo hugonga. Jaribu waya mpya mara moja, moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyo cha matundu ya USB (hub) katikati. Ikiendelea kugonga, hapo kazi si ya programu tena. Ni ya fundi mwenye chumba kisicho na vumbi. Diski iliyoanguka ikiwa inazunguka, hata hilo jaribio moja usilifanye.

Windows ikikuambia diski inahitaji kuformatiwa ndipo itumike, kataa. Kataa pia kuendesha CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua diski. Programu hiyo hurekebisha mpangilio wa faili kwa kuandika juu ya diski, na diski inayokufa haitakiwi kuandikwa chochote. Wala usiiweke kwenye friza. Ukiitoa, hewa yetu ya pwani itageuka maji juu ya sahani.

Dada yangu aliwahi kuniletea eksteno yenye video ya sendofu ya binti yake. Ilikuwa imepitia kwa fundi mmoja aliyeiacha ikisaka faili moja moja usiku kucha, ikirudia palepale pabovu. Picha nyingi tulizipata. Video, ambamo marehemu baba yetu alisimama kumwombea mjukuu wake, hatukuipata. Tangu hapo nasema bila kuchoka: diski inayokufa haitafutwi faili, inakopiwa yote kwanza, na utafutaji unafanyika kwenye kopi.

Kwa diski inayosoma kwa kusuasua bila kugonga, programu ninayoiamini ni ddrescue ya GNU, mradi wa programu huria, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, nayo ni ya bure. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, huruka zilizokwama, kisha huzirudia baadaye. Uzuri wake mkubwa ni faili ya ramani, inayoandika sehemu zipi zimeshasomwa: umeme ukikatika, inaendelea ilipoishia. Lakini ramani hiyo lazima uitaje wewe unapoandika amri. Ukisahau, haijui ilikuwa imefika wapi, na mateso ya diski yanaanza upya.

Ili kuiendesha ddrescue, andaa flashi yenye Linux, mfumo wa kompyuta kama Windows, halafu fanya mazoezi kwa flashi nyingine ya zamani mpaka mkono uzoee. Hapa nakusihi. Linux huziita diski sda, sdb, sdc, na ukibadilisha herufi moja unaweza kumwaga diski tupu juu ya yenye mali. Andika kwenye karatasi ukubwa na namba ya kila diski, ipi inasomwa na ipi inaandikwa, na soma karatasi hiyo kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Kopi ikishapatikana, TestDisk na PhotoRec za Christophe Grenier, programu za kutafuta faili zilizopotea, nazo za bure, zinaweza kuifanyia kazi. PhotoRec hutambua faili kwa alama zake za ndani, hivyo majina uliyozipa mara nyingi hupotea. Jiandae kupitia maelfu ya picha zenye majina ya namba.

Tafuta pia nywila mapema. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, inaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48, na bila huo kopi haifunguki. Baadhi ya My Passport za Western Digital hufumba data kwenye bodi yake yenyewe, kwa hiyo kuvunja kasha ili uchomeke diski kwingine hukupa takataka tupu.

Kama unaipeleka kwa fundi, muulize kabla hujaiacha: anakopi diski nzima kwanza? Anafungulia wapi? Akishindwa, unalipa nini? Mpe karatasi yenye vitu vitatu unavyovitaka kuliko vyote, kwa majina na mwaka, na kumbuka kwamba mengine yote ya humo atayaona.

Diski mbovu usiitupe mpaka umefungua ulivyookoa. Video itazame mpaka mwisho, maana faili iliyokatika nayo huanza vizuri.