Kununua choki ya tyubu laiti bila kupigwa

Taa ikianza kuchezacheza usikimbilie choki (kile kidude kizito ndani ya kava kinachodhibiti umeme wa tyubu), badilisha kwanza stata, kale kadude kadogo ka mviringo kanakoiwasha tyubu, maana hiyo ni bei chee na mara nyingi ndo mchawi mwenyewe. Ikigoma, zima meni swichi, fungua kava uangalie choki ya zamani. Mi yangu ilikuwa imebabuka, lami imevuja mpaka kwenye waya, hapo hakuna cha kuuliza.

Sasa soma lebo yake. Tyubu ya futi 4 nyembamba ni wati 36, nene ya kizamani ni wati 40, na choki ya 36/40 inabeba zote mbili, ya futi 2 inataka 18/20. Usichanganye, choki kubwa kwenye tyubu ndogo unaichoma tu. Hakikisha imeandikwa 220-240V 50Hz, zile za Marekani za 120V achana nazo kabisa.

Ukitaka ya elektroniki sawa, haiungurumi na taa inawaka chapu, ila stata unaitoa na waya zinafungwa upya kwa kufuata mchoro uliobandikwa mgongoni mwake. Kuna muuzaji aliniambia "we chomeka tu", nikaunguza mpya siku hiyohiyo.