Kabla ya kupiga dawa ya bakajani, hesabu saa za umande

Wakulima wengi wa viazi mviringo huku Njombe na Mbeya hupiga dawa ya ugonjwa wa bakajani chelewa kwa kalenda: kila Jumamosi, inyeshe isinyeshe. Wengine husubiri mpaka waone madoa. Wa kwanza hupoteza fedha, wa pili hupoteza shamba, maana doa unaloliona leo liliingia jani siku kadhaa nyuma, na mancozeb, dawa ya kupulizia majani, hukinga tu. Haiponyi jani lililokwisha kushikwa.

Ugonjwa huu hupenda ubaridi wa wastani na jani linalokaa limelowa kwa muda mrefu. Waingereza waliligeuza jambo hilo kuwa hesabu mwaka 1956: kuna hatari ikiwa siku mbili mfululizo joto halishuki chini ya nyuzi 10, na kila siku unyevu hewani unafika asilimia 90 kwa saa 11 au zaidi. Mwaka 2017 saa hizo zilipunguzwa hadi 6.

Nunua kipimajoto kinachohifadhi joto la chini la usiku, ukitundike kivulini. Vipimaunyevu vya bei ndogo mimi siviamini, hewa ikilowa sana hudanganya. Mkono wako unatosha. Ingia shambani saa nne asubuhi, upitishe katikati ya mashina. Ukitoka umelowa, hesabu saa tangu umande ulipoanza kushuka usiku, uziandike daftarini pamoja na joto la chini, uone kama hesabu ya hatari imetimia. Usiogope sana mvua ya radi ya alasiri inayofuatwa na jua. Ogopa manyunyu na ukungu uliolala bondeni siku mbili. Ila mvua kubwa ikikukuta umetoka kupiga dawa, ujue dawa imeoshwa.

Niseme wazi: Januari hadi Machi, milimani kwetu hesabu hii hutimia karibu kila siku, kwa hiyo haitakuambia jipya. Hapo fuata muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Daftari hulipa mvua zinapoanza, zinapoelekea kuisha, na pale kiangazi kifupi kinapoingia katikati ya msimu. Usiku ukiwa mkavu siku tatu nne mfululizo, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukionyesha jua, unaweza kuahirisha mpigo mmoja.

Lakini kama shamba la jirani, upande upepo unakotokea, lina madoa tayari, weka daftari chini. Umande ukikauka tu, beba bomba.