Dawa za kisukari, kutoka wodini hadi nyumbani

Mgonjwa wako wa kisukari akilazwa, njoo na dawa zake zote. Kuniambia "anakunywa kile kidonge cheupe" hakutoshi, vidonge vyeupe ni vingi. Leta pakiti zenyewe, daftari la kliniki, na dawa za mitishamba kama anatumia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani, simgombezi mtu kwa mwarobaini. Nataka tu kujua. Ukishazionyesha, zirudishe nyumbani. Zikibaki chini ya mto, atameza zake na za wodini.

Usishtuke metformini ikisimamishwa. Figo zikiwa dhaifu, au mgonjwa akiwa na maambukizi makali, dawa hiyo inaweza kuchangia asidi kujaa kwenye damu. Glibenklamidi nayo huwekwa kando kwa asiyekula vizuri, maana husukuma kongosho litoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Ndipo mgonjwa huchomwa insulini. Haina maana kwamba ugonjwa umefika hatua ya mwisho. Wengi hurudi kwenye vidonge wakipona. Na ukiona sukari ya 8 au 9 inaachwa ilivyo, ujue hatukumsahau: kwa wagonjwa wengi waliolazwa lengo huwa kati ya 7.8 na 10 (kwa kipimo cha mmol/L).

Sasa chakula, na hapa nawaomba ndugu mnisikilize sana. Uji unatoka nyumbani, na foleni ya barabarani haina huruma. Insulini ya haraka na ile ya mchanganyiko zinataka chakula. Sindano ikichomwa saa moja asubuhi na uji ukafika saa tatu, mgonjwa ataanza kutokwa jasho, kutetemeka, hata kuongea ovyo. Kwa hiyo kabla ya sindano mwambie muuguzi wa zamu: chakula kimefika, au leo tutachelewa. Na kama mama amekula vijiko viwili akasukuma bakuli, sema hivyo hivyo, usimsitiri kwa kusema amemaliza. Dalili hizo zikianza, ita muuguzi apime. Kama anameza vizuri, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu chochote.

Siku ya kuruhusiwa kila mtu anawaza bili na usafiri. Kaa kwanza. Andika kwenye karatasi dawa zote, za zamani na mpya, uulize moja moja: inaendelea, imebadilishwa, au imesimama? Iliyosimama inarudi lini, na nani ataamua? Insulini ni yuniti ngapi, saa ngapi? Vuta dozi mwenyewe mbele ya muuguzi, akuone. Kama ametoka na prednisoloni, uliza itakuwaje ikipunguzwa: dawa hiyo hupandisha sukari, na dozi yake ikishuka, insulini ile ile huweza kuwa nyingi mno.

Mkifika nyumbani, toeni dawa zilizosimamishwa kwenye kopo la kila siku siku hiyo hiyo. Nimepokea wazee waliorudishwa wodini sukari imeshuka, kumbe walimeza glibenklamidi ya zamani pamoja na glimepiridi mpya. Majina mawili, lakini ni kundi moja na kazi ni ile ile. Kwa mzee mwenye figo dhaifu, sukari inaweza kuendelea kushuka hata baada ya kupewa soda akachangamka, kwa hiyo mrudisheni hospitali hata kama anaongea vizuri.

Insulini isiyofunguliwa ikae kwenye friji, mbali na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Asiye na friji atumie chungu chenye mchanga mbichi, kivulini.

Pimeni sukari asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya chakula, mwandike kwenye daftari, mrudi kliniki ndani ya wiki moja au mbili. Ikishuka chini ya 4, mpeni sukari kwanza, kisha mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata. Ikikaa juu ya 15 huku anatapika, msisubiri tarehe ya kliniki.