Kabla Hujabadilisha Giaboksi ya Usukani ya Gari la Porini

Masika yakikaribia, wenye Land Cruiser za zamani, Hilux na Land Rover hapa Malindi huanza kuulizia giaboksi kubwa zaidi ya usukani, yaani ile boksi inayogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kukata magurudumu. Nawaelewa. Gari linalopita Kakoneni na Langobaya kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, kisha wiki hiyohiyo liingie mchanga wa Mambrui na vumbi la chumvi la Marereni, usukani wake haupumziki. Lakini hii boksi ndiyo iwe kitu cha mwisho kuchagua. Kabla yake kuna chesi (fremu ya gari) itakayoibeba, pampu itakayoisukuma na rodi zitakazopokea nguvu yake, na kuna swali la nani atakuuzia oilsili zake, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, mwaka kesho.

Kwanza hakikisha tatizo liko kwenye boksi kweli. Liache gari chini kwenye magurudumu yake, injini inawaka, mtu mmoja ndani azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kukoma. Wewe inama mbele utazame mwendo unapopotelea. Shafti ikizunguka kuingia kwenye boksi na mkono wa chini (chuma kinachotoka kwenye boksi na kusukuma rodi) ukachelewa kufuata, boksi imechoka. Mkono ukisogea mara moja lakini rodi iliyounganishwa nao ikasitasita, tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho wa rodi, ndiyo iliyokwisha. Boksi nzima ikicheza juu ya chesi, una bolti zilizolegea au chuma kilichopasuka. Ukimaliza hapo piga jeki, shika tairi juu na chini ulitikise; mchezo wa hapo ni wa beringi za gurudumu au za kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia juu yake. Huku kwetu mchanga na chumvi hula mipira ya tairodi endi mapema, na mpira ukishachanika grisi haikai. Nimeona magari kadhaa yaliyofungwa boksi mpya yakaendelea kuyumba vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye rodi.

Usukani mzito nao una sababu zake za bei ndogo: belti inayoteleza (hulia unapokata kona gari likiwa limesimama), mafuta yaliyopungua, matairi yenye upepo mdogo. Na boksi yenyewe ina skrubu ya kurekebisha juu yake. Fundi mwenye haraka huikaza ili kuficha mchezo. Boksi huchakaa zaidi katikati, pale unapoendesha moja kwa moja, kwa hiyo ikikazwa kupita kiasi usukani hukwama na haurudi wenyewe baada ya kona. Hiyo ni hatari kwenye lami ya Mombasa kuliko ule mchezo wa mwanzo.

Ukiridhika kwamba boksi ndiyo, nenda kwenye chesi, na hapa usiwe na haraka. Boksi yenye nguvu zaidi huvuta chuma kilichoishikilia kwa nguvu zaidi. Hilux za ekseli nzima ya mbele (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili), za kati ya 1979 na 1985, zinajulikana duniani kwa chesi kupasuka penye bolti za boksi, na gari la pwani lina kutu juu ya hayo. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, utazame kuzunguka kila tundu. Ufa mdogo huonekana kama mstari wa kutu usiofutika. Kuuchomelea peke yake hakutoshi: panahitaji bamba la kuongezea, tena kingo zake zisikatwe wima kama ukuta, maana chesi huja kupasuka tena palepale bamba linapoishia. Chesi ikiwa ni ya boksi, yaani ina uwazi ndani, bolti inayopita upande hadi upande iwekewe bomba dogo ndani yake, ili ukikaza kuta zisibonyee. Bonyeo hilo ndilo linalolegeza bolti baada ya safari chache. Na usikubali bolti yoyote iliyookotwa kwenye kopo. Soma kichwa chake: 8.8 ni ya chini kabisa ninayoweza kuikubali, 10.9 ni bora.

Jambo la tatu huwaponza wanaoagiza spea kwa kutazama video za Marekani. Boksi maarufu za Saginaw walizozoea kule zimetengenezwa kwa gari lenye usukani kushoto. Masikio yake ya bolti na midomo ya hosi vimepangwa kwa chesi ya upande huo; ukiileta kulia itagombana na injini au springi. Kuna pia mwelekeo wa mkono. Boksi iliyo mbele ya ekseli na mkono wake ukatazama nyuma husukuma rodi upande mmoja. Boksi ileile ukiigeuza mkono utazame mbele, rodi huenda upande wa pili. Maana yake unakata kulia, gari linakwenda kushoto. Kabla ya kulipa hata senti, uliza mambo mawili: imetoka gari la usukani upande gani, na mkono wake ulitazama wapi. Kwa sababu hiyo napendelea boksi itoke gari la ukoo mmoja na lako. Kuhamishia boksi ya Land Cruiser ya modeli ya 60 kwenye ya 40 ni kazi inayofahamika, ijapokuwa hata hiyo hudai bamba la kufungia na shafti ya usukani kukatwa kwa kipimo kipya.

Pampu nayo. Watu huuliza presha tu, na presha ni nusu ya habari. Presha ndiyo nguvu, na kwa magari haya mara nyingi huwa kati ya bari 70 na 100. Wingi wa mafuta kwa dakika ndio kasi: pampu ndogo kwenye boksi kubwa itakupa usukani mwepesi ukienda taratibu, kisha unakuwa mzito ghafla ukizungusha haraka, mathalani unapokwepa mbuzi. Linganisha pampu na boksi kama jozi, na ikiwezekana zitoke gari moja. Nyuzi za midomo ya hosi hutofautiana kati ya watengenezaji. Kulazimisha nyuzi zisizofanana ndiko kunakoleta kuvuja kusikokwisha. Hosi ya presha itengenezwe na anayebana hosi za haidroliki, si ya mpira iliyofungwa klipu. Mafuta ni yale anayotaja mtengenezaji, na kwa nyingi ni ATF, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki. Mafuta ya breki yasiingie kabisa, huvimbisha oilsili na kuziharibu. Kwa anayetembea sana kwenye mchanga, injini ikienda polepole na usukani ukifanya kazi mfululizo, kipozeo kidogo cha mafuta mbele ya rejeta kina thamani kuliko boksi ya bei kubwa.

Uwiano wa boksi hauhitaji maneno mengi. Boksi ya 20 kwa 1 inataka usukani uzunguke digrii 20 ili mkono uzunguke 1. Ya 14 kwa 1 hukata haraka zaidi, ila mawe yanapopiga gurudumu unayasikia zaidi mikononi. Urefu wa mkono nao hubadilisha hesabu: mkono mrefu hufanya gari likate haraka huku ukiitwisha boksi mzigo. Vyovyote utakavyochagua, stopa za ekseli, yaani vizuizi vya mwisho wa kukata kona, ziguse kabla boksi haijafika mwisho wake. Boksi ikiwa ndiyo stopa, itavunjika.

Matairi yaamue ukubwa wa kazi. Tairi ya 7.50R16, ambayo kimo chake ni karibu inchi 32, haihitaji zaidi ya boksi nzuri ya kiwandani. Hata 33 naona hivyo. Ukienda 35 na zaidi, tena una loki ya difu ya mbele (inayofanya magurudumu mawili ya mbele yazunguke pamoja), basi kuongeza silinda ya haidroliki inayosukuma tairodi kuna maana zaidi kuliko kuongeza ukubwa wa boksi, kwa sababu mzigo huondoka kwenye mkono na kwenye chesi.

Ukinunua iliyotumika Mombasa, beba muda wako. Izungushe kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukihesabu mizunguko: iwe laini mwanzo hadi mwisho, yenye ukinzani kidogo katikati. Ukihisi mchanga ndani, iache. Tazama meno ya shafti inayoshika mkono. Yakiwa yamepinda kama kamba iliyosokotwa, boksi hiyo ilishaelemewa. Shafti ikiwa na vishimo vya kutu pale oilsili inapokaa, kila oilsili mpya itavuja. Chukua mkono wake na nati yake palepale, kisha uliza seti ya oilsili kabla ya kuondoka mjini. Kama hawaipati Mombasa wala Nairobi, hiyo boksi haikufai, hata kama ni imara kuliko zote.

Mwenye gari la watalii azungumze na kampuni yake ya bima na ajue ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unamsubiri. Picha za kazi ya chesi kabla haijapakwa rangi humsaidia kueleza.

Siku ya kufunga, boksi iwekwe katikati ya mizunguko yake huku magurudumu yametazama mbele sawasawa, kisha urefu wa rodi ufuate hapo. Kutoa upepo kunafanywa mbele kumenyanyuliwa kwa jeki na stendi, injini imezimwa, usukani ukizungushwa polepole mara nyingi huku mtu akiongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe. Ndipo uwashe. Usishikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, pampu huchemka. Pima alaimenti (mpangilio wa magurudumu), jaribu kwanza uwanjani, halafu barabara ya vumbi iliyo karibu. Ukirudi, kabla ya kufikiria Garsen na ule udongo wake mweusi, kaza bolti zote za boksi upya kwa spana ya kupimia nguvu, na uzitie alama ya rangi ili ukiinama safari ijayo uone kama kuna iliyosogea.