Jinsi ya kuandika noti za mgonjwa ukiwa eneo la tukio

Wengi wanaoanza kazi ya ambulensi wanadhani noti ni za baadae, mgonjwa akishafikishwa ndo unakaa kuandika, afu ukikaa unakuta presha ya kwanza na ya pili zimeshachanganyika kichwani. Stori utaikumbuka, namba huzikumbuki ng'o. Kwa hiyo pale pale andika namba na saa tu, mengine yasubiri.

Pa kuandikia, mi nabandika plasta pana kwenye paja la suruali naandika kwa bolpeni. Kuna wanaoandika kwenye glavu, nilikuwa mmoja wao mpaka siku nimeivua nikaitupa na vipimo vyote juu yake.

Saa sasa, hapa ndo watu wanaharibu. Ukiandika "saa 2" anayesoma ataelewa nini, saa mbili ya Kiswahili au ya kizungu? Andika 20:00 umalize ubishi. Na ushike saa moja tu, ya simu au ya mashine, maana zikipishana dakika nne utaonekana umempa mtu dawa kabla hujafika. Ukifunga mkanda wa kukaza kuzuia damu, saa iandike kwenye mkanda wenyewe au kwenye ngozi ya mgonjwa, sio karatasi tu, kwa sababu yakipita kama masaa mawili misuli na neva vinaanza kuumia na daktari lazima ajue ulikazwa lini.

Vipimo rudia, kila dakika 5 kama hali ni mbaya, 15 kama katulia. Oksijeni ya damu 94% peke yake haisemi kitu, sema alikuwa na maski au hewa ya kawaida. Skeli ya Glasgow (alama za kupima fahamu) usiandike jumla 13 ukaishia hapo, andika macho 3, maneno 4, viungo 6. Na kama hukuhesabu pumzi andika hukuhesabu, sio kila mgonjwa unambunia 18 kwa dakika (tunawajua nyie).

Andika ulichoona, sio ulichowaza. Usiandike "amelewa", andika ananuka pombe, anayumba, maneno hayaeleweki, na sukari ilisoma ngapi, maana sukari ikishuka mtu anayumba vile vile. Alichosema mwenyewe kiandike kwa maneno yake. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, sio kwako. Dawa: jina, kiasi, njia uliyompitishia, saa.

Ukikosea piga mstari mmoja kile cha zamani kisomeke, weka sahihi. Ukikumbuka kitu baadae ongeza, ila uonyeshe ni saa ngapi umeongeza.

Mgonjwa akigoma kwenda hospitali ndo uandike kuliko siku zote: alikuwa na akili timamu, ulimwambia hatari gani, akajibu nini, nani alikuwa anashuhudia, afu asaini kabla hujawasha gari.