Kuanza kuandika shajara: daftari, mistari mitatu na pa kuificha

Kila Januari, hapa stesheneri kwangu Moshi mjini, watu wananunua diari za jalada gumu. Masika yakifika, nyingi zimeshageuka vitabu vya madeni ya duka. Kama unataka shajara yako ivuke masika, fuata hatua hizi.

1. Nunua daftari la kawaida. La shule linatosha, au kaunta buku nyembamba. Diari yenye tarehe zilizochapwa ukiiacha siku tatu, kurasa tupu zinakusuta. Kwenye daftari tarehe unaiweka mwenyewe, kwa hiyo pengo halionekani. (Faida yangu iko kwenye diari. Wewe chukua daftari.)

2. Andika baada ya jambo unalolifanya kila siku. Baada ya chai ya asubuhi, au ukishafunga genge. Usitegemee siku 21 zinazotajwatajwa kuwa zinatosha kujenga mazoea. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, London, uliofanywa kwa watu 96 na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta mazoea yanachukua siku 66 hivi kukomaa. Kwa wengine 18, kwa wengine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

3. Mistari mitatu tu. Ulichokiona, kilichosemwa, ulivyojisikia. Wanaoanza wengi huandika "Leo nimechoka," kisha wanakaa wanaitazama peni. Linganisha na hii:

"Soko la Memorial. Muuza mitumba kagoma kushusha bei ya koti, kasema 'nenda kaulize kwingine'. Nimeshinda na hasira, na wala si za koti."

Hapo mwisho ndipo penye kazi. Kama si za koti, ni za nini? Kesho unaanzia hapo, huna haja ya kutafuta mada. Andika kwa lugha unayowazia, hata Kichaga kikiingia katikati ya Kiswahili. Hakuna mwalimu wa kukuwekea kosa.

4. Tafuta pa kuificha. Miongozo mingi haigusi kabisa hili, ilhali chumba cha kupanga mnalala watatu na mdogo wako anapekua kila kitu. Ukiogopa kusomwa utaandika uongo, halafu utaacha. Watu waite kwa majina ya kubuni. Daftari likae kwenye begi unalotoka nalo. Ukurasa wa hatari uandike kwenye karatasi ya pembeni, ukimaliza uchane. Kuandika kwenyewe kumeshafanya kazi yake. Simu yenye nywila inafaa pia, ila WhatsApp itakuita kabla ya mstari wa pili.

5. Mambo mazito yana utaratibu wake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio chungu pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Basi usifungue habari za msiba dakika za mwisho kabla ya kulala. Ikikuzidi, weka peni chini, zungumza na mtu unayemwamini au nenda hospitali. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC kuna idara ya magonjwa ya akili.

6. Mwisho wa mwezi, soma yote. Usisahihishe. Pigia mstari jina au jambo linalojirudia, kisha jambo hilo liandikie ukurasa mzima kabla ya kurudi kwenye mistari mitatu.